Ukienda Jakarta, teremka hadi ukutani

Niliporudi, swali la kwanza nililoulizwa barazani halikuwa "umeona nini?" Lilikuwa "ulifuata nini huko?" Na sikuwalaumu. Watu wetu wa pwani wakisema wanakwenda Mashariki ya mbali, huwa ni Guangzhou kufuata mali ya dukani, au Kuala Lumpur kumpeleka mtoto chuo kikuu. Jakarta haimo kwenye hesabu. Hata wanaofika Indonesia wengi hupitiliza hadi Bali, wakapiga picha zao ufukweni, wakarudi.

Mimi na mke wangu tulikaa Jakarta siku sita, watalii watupu, hatuna mkutano wala biashara. Leo nataka kueleza mji huo hutembelewa vipi, na nini cha kuona kwa mtu aliyelelewa ukanda wetu huu. Mwisho nitaeleza kwa nini nawaambia watu wasiondoke kabla ya kwenda kuutazama ukuta mmoja ambao watalii wengi hawafikishwi. Ukuta huo ndio ulionifanya nishike kalamu.

Milionea wa siku sita

Kwanza ujue ukubwa wa mji. Mwaka 2025 Umoja wa Mataifa ulitoa hesabu mpya ya miji ya dunia, na Jakarta ikatajwa kuwa ya kwanza kwa wingi wa watu: takriban milioni 42, ukijumlisha mji na vitongoji vilivyoungana nao. Sensa yetu ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6. Yaani chukua karibu Kenya yote, uiweke katika mji mmoja, kisha uwape nusu yao pikipiki. Ndivyo barabara zinavyoonekana saa za jioni.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Mombasa. Wengi hupitia nchi za Ghuba, nasi tulibadilisha ndege Doha. Saa zao ziko mbele yetu kwa saa nne. Hali ya hewa haitakushangaza: Mombasa iko digrii 4 kusini ya ikweta, Jakarta 6, kwa hiyo joto ni lile lile la kulowesha kanzu, na magharibi huingia mnamo saa kumi na mbili za jioni kama kwetu. Kinachobadilika ni kibla. Sisi Mombasa tunaelekea kaskazini, karibu moja kwa moja. Kule unaelekea magharibi, ukipinda kidogo kulia. Siku mbili za kwanza mwili wangu ulikuwa ukikataa.

Pesa yao ni rupiah, na noti zina sifuri nyingi. Shilingi elfu nane zetu ni kama rupiah milioni moja, kwa hiyo ukitoka kubadilisha pesa unajiona tajiri, hadi ulipie chakula cha jioni. Pale uwanja wa ndege alitujia kijana mmoja mchangamfu, akatubebea mizigo na kututoza karibu mara tatu ya nauli ya kawaida. Nikajifunza mapema: panga foleni ya teksi rasmi, au panda treni ya kwenda mjini, na mtu akikukimbilia kwa tabasamu mwambie ahsante.

Ndani ya mji, usafiri ni rahisi kuliko unavyodhani. Kuna mabasi ya Transjakarta, yaliyoanza 2004, yanayopita katika njia yao wenyewe katikati ya barabara huku magari mengine yamesimama kwenye msongamano. Nauli ni rupiah 3,500, chini ya shilingi 30, hata uende mbali vipi kwenye njia hizo. Hawapokei pesa mkononi. Unanunua kadi na kuigusisha mlangoni. Sehemu ya mbele ya basi ni ya wanawake, na mke wangu aliisifia sana, hasa akikumbuka matatu zetu za saa mbili asubuhi. Bodaboda wanaziita *ojek*, na siku hizi huitwa kwa simu. Na tuktuk zao jina lake ni *bajaj*, kama wanavyoita ndugu zetu wa Tanzania. Hizo patana bei kabla hujakaa.

Maneno yetu kwenye vinywa vyao

Kilichotufurahisha kuliko vyote wiki ile ni lugha. Hatukujua Kiindonesia hata kidogo, lakini tulikuwa tukiokota maneno njiani kama mtu anayeokota maembe ya jirani. *Waktu* ni wakati. *Kabar* ni habari, na salamu yao ni "apa kabar?" *Kertas* ni karatasi. *Rezeki* ni riziki, *sabar* ni subira, *dunia* ni dunia. *Bandar* ni bandari, *musim* ni msimu, *nakhoda* ni nahodha. Halafu *meja* ni meza na *bendera* ni bendera.

Sababu yake si miujiza. Maneno ya dini na elimu wao na sisi tuliyapata kwa Kiarabu. Ya chombo na bandari yalizunguka bahari hii kwa midomo ya mabaharia, na mengine, kama nahodha na bandari, asili yake ni Kiajemi. Meza na bendera walituachia Wareno, waliopita kwetu na kwao. Bahari ilikuwa moja, na waliosafiri juu yake walikuwa wakisubiri pepo zile zile.

Na usisahau nazi. Asubuhi ya pili tulikaa kwenye kibanda cha mama mmoja, akatupakulia *nasi uduk*. Ni wali wa nazi huo, umetiwa mchaichai na majani yao ya viungo, unaliwa na yai na pilipili ya kusaga. Mke wangu alionja, akaniambia: "Huyu tui lake la pili kalitia mapema." Nikamwambia anyamaze, tuko ugenini. Chakula cha halali hakikusumbui, kwa sababu Waislamu ndio wengi mno, na kila jengo kubwa lina chumba cha kusalia wanachokiita *musholla*.

Barabarani utasikia pia harufu ya karafuu, na utageuka kutafuta Unguja iko wapi. Ni sigara zao za *kretek*, zinazotiwa karafuu ndani. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, hapo hapo Indonesia, na uliletwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Baadaye mambo yakageuka: kwa miaka mingi Indonesia ikawa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar, kwa ajili ya sigara hizo hizo.

Istiqlal na jirani yake

Ijumaa tulisali Istiqlal, msikiti mkubwa kuliko yote Asia ya Kusini Mashariki. Jina ni lile lile la Kiarabu, maana yake uhuru. Ujenzi ulianza 1961 na ukafunguliwa rasmi 1978. Kuba lina kipenyo cha mita 45, kukumbusha mwaka 1945 walipotangaza uhuru, nalo limebebwa na nguzo 12. Ndani hakuna nakshi nyingi. Ni marumaru, chuma, na upepo unaopita kutoka pande zote, hata watu maelfu kwa maelfu wakikaa husongwi na joto. Ukitazama juu kwenye kuba unahisi umepungua kimo.

Aliyeuchora msikiti huo alikuwa Mkristo, Friedrich Silaban, Mprotestanti wa kabila la Batak, aliyeshinda shindano la michoro mwaka 1955. Na ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na msikiti, limesimama kanisa kuu la Wakatoliki lililofunguliwa 1901. Rais Sukarno ndiye aliyetaka msikiti ujengwe hapo. Leo kuna njia ya chini ya ardhi inayounganisha nyumba hizo mbili, wanaiita Njia ya Silaturahmi, na ukiijua "silatul rahmi" huhitaji mkalimani. Papa Francis alipofika Septemba 2024, alikutana hapo na imamu mkuu, Nasaruddin Umar. Sisi tuliowahi kuona misikiti na makanisa ya Mombasa yakiingizwa katika ugomvi usio wao, tulisimama pale kwa muda.

Mtalii anakaribishwa vizuri. Unavua viatu, unapewa mtu wa kukutembeza ukitaka, na asiyevaa stara huazimwa vazi.

Kuteremka baharini

Watalii wengi hukomea hapo katikati ya mji, kwenye Istiqlal na mnara wa Monas wenye mita 132, kisha maduka makubwa. Ninyi msikomee hapo. Pandeni basi la njia namba 1, kutoka Blok M hadi kituo cha mwisho, Kota. Mnateremka na mji hadi ulipozaliwa.

Hapo ndipo Mji wa Kale, *Kota Tua*. Zamani palikuwa na bandari iliyoitwa Sunda Kelapa, na *kelapa* maana yake ni nazi. Mwaka 1527 kiongozi Mwislamu, Fatahillah, aliiteka na ikapewa jina Jayakarta. Mwaka 1619 Waholanzi wa kampuni ya biashara ya VOC, chini ya Jan Pieterszoon Coen, waliuteketeza mji na kujenga wao, wakauita Batavia. Jumba lao la utawala, lililomalizika 1710, leo ni makumbusho na limepewa jina la yule yule Fatahillah. Chini yake bado kuna vyumba vya wafungwa. Mtu aliyeingia Fort Jesus anajua harufu ya vyumba vya namna hiyo. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, kwa hiyo panga siku zako.

Kutoka hapo chukua bajaj hadi bandari ya Sunda Kelapa. Mwenyeji wa Bandari ya Kale ya Mombasa, au wa Lamu, atasimama kinywa wazi. Zimefungwa safu kwa safu merikebu za mbao, omo zimeinuka juu, rangi zimechubuka kwa jua. Ni za asili ya *pinisi*, ufundi wa watu wa Sulawesi, na bado zinafanya kazi, zinapeleka saruji na vyakula visiwani. Wachukuzi wanapita juu ya ubao mwembamba na mzigo begani. Sikuona kitu nisichokijua.

Karibu na hapo kuna mnara wa *Syahbandar*, uliojengwa 1839 wa kuangalia vyombo vinavyoingia. Shahbandari! Nao umepinda. Ukisimama mbali kidogo unauona waziwazi umelalia upande. Mke wangu aliuliza kwa nini, na dereva wetu wa bajaj, mtu wa makamo aliyekuwa akiniita "Pak" na yeye akimwita "Bu", yaani baba na mama, alijibu kwa maneno mawili: "Tanah turun." Alipoona hatukuelewa, akaandika kwenye simu yake, na simu ikatafsiri: ardhi inashuka.

Alitupeleka kwanza Luar Batang, mtaa wa vichochoro nyuma ya bandari. Pana msikiti wa kale na kaburi la Habib Husein bin Abubakar Alaydrus, sharifu wa Hadhramaut aliyefariki Batavia mwaka 1756. Jina Aidarus halihitaji kuelezwa Lamu wala Mombasa. Masharifu wa ukoo mmoja walipanda vyombo Hadhramaut, wengine wakaja huku na wengine wakaenda kule. Ndiyo maana Maulidi ya al-Habshi, aliyoyatunga Habib Ali wa Seiwun, husomwa Riyadha ya Lamu na husomwa Jakarta. Najua wapo ndugu zangu wasioridhia mambo ya kuzuru makaburi, na sitafungua mjadala huo hapa. Ninachosema ni kwamba tulisalimiwa pale kama watu wa nyumbani, na tulipotaja Lamu mzee mmoja alitikisa kichwa kama anayekumbuka jina alilolisikia utotoni.

Lakini nilikuwa nimeanza kutazama chini. Milango ya nyumba za vichochoro vile ilikuwa mifupi. Dereva alieleza: mlango haukupungua, ni sakafu na barabara zilizoinuliwa. Maji ya bahari yakijaa sana, huingia mitaani. Wana jina lake, *rob*. Kila yanapozidi, watu humwaga kifusi na saruji, wakainua sakafu, hadi dari linawagusa kichwani. Kwake yeye ameinua mara tatu.

Ukuta

Kutoka Luar Batang si mbali hadi Muara Baru. Hapo ndipo ninapowataka mfike.

Unaingia katika mtaa wa watu wa hali ya chini, wavuvi na wafanyakazi wa viwanda vya samaki. Mwisho wa njia kuna ukuta wa zege, mrefu kuliko mtu. Tulipanda ngazi. Juu yake watoto walikuwa wakivua kwa uzi. Nikatazama kushoto, bahari. Nikatazama kulia, mapaa ya nyumba. Kisha nikatazama tena, maana akili ilikuwa inakataa: maji yalikuwa juu kuliko barabara tuliyotoka. Mashua zilizofungwa nje ya ukuta zilikuwa zinaelea juu ya kimo cha vichwa vya watu waliokuwa wakianika nguo ndani.

Na upande wa pili wa ukuta, ndani ya maji, umesimama msikiti. Wanauita Waladuna. Uliachwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, maji yaliposhinda. Kuta zimeota ukijani, na pale zilipokuwa safu za waumini pana maji ya bahari. Mke wangu alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza: "Ijumaa yao ya mwisho humo, walijua ni ya mwisho?" Sikuwa na jibu, na dereva hakuwa nalo.

Hapa ndipo watu wengi husema "mabadiliko ya tabianchi" wakamaliza. Bahari inapanda kweli, dunia nzima, lakini inapanda kwa milimita chache kwa mwaka. Jakarta ina ugonjwa mwingine mkubwa zaidi, na ugonjwa huo umetokana na visima.

Mji umejengwa juu ya tope lililoletwa na mito kwa maelfu ya miaka. Mito 13 hupita humo. Chini ya tope hilo kuna tabaka za mchanga na udongo wa mfinyanzi zilizoshiba maji. Maji hayo ndiyo yanayosaidia kuibeba ardhi. Mabomba ya maji safi hayakuwahi kuufikia mji wote, kwa hiyo nyumba, hoteli, viwanda na majengo marefu kila mmoja alichimba chake na kuvuta. Ukiyavuta maji, chembe za udongo hubanana, kama godoro la sufi lililolaliwa miaka mingi. Tofauti ni kwamba sufi unaweza kuichambua ikafutuka. Udongo wa mfinyanzi ukishabanana haufutuki tena, hata mvua inyeshe vipi. Ongeza uzito wa majengo juu yake, ardhi inazidi kushuka.

Wataalamu wa Taasisi ya Teknolojia ya Bandung, waliokuwa wakiipima Jakarta kwa miaka mingi, walieleza mwaka 2018 kwamba sehemu za kaskazini ya mji zilikuwa zimeshuka mita 2.5 katika miaka kumi, na mahali pengine kasi ilifika sentimita 25 kwa mwaka. Takriban asilimia 40 ya mji iko chini ya usawa wa bahari. Mito yenyewe sasa lazima isukumwe na pampu ili iingie baharini.

Tukiwa bado juu ya ukuta, mke wangu alinivuta mkono. Chini yetu alikuwa akipita kijana anasukuma mkokoteni wa jerikeni. Wao pia huita *jeriken*. Anauza maji. Bahari iko juu ya vichwa vyao, mito 13 imepita mjini, mvua ya masika yao huwafurikisha kila mwaka, na mama anatoka mlangoni kununua maji ya kunywa kwa jerikeni. Picha hiyo tuliijua. Hatukuhitaji kupanda ndege kuiona.

Wamefanya nini?

Hawakukaa bure. Kuta zimeinuliwa zaidi ya mara moja, na Rais Prabowo Subianto amelifufua wazo la ukuta mkubwa wa bahari kwenye pwani ya kaskazini ya Java. Serikali ya mji imepiga marufuku majengo makubwa katika maeneo kadhaa kuvuta maji ya chini kuanzia 2023, na kasi ya kushuka imepungua sehemu nyingi. Na mwaka 2019 Rais Joko Widodo alitangaza kwamba mji mkuu utahamishwa hadi Kalimantan ya Mashariki, kisiwa cha Borneo, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo. Sheria ilipita 2022, na mji mpya unaitwa Nusantara. Mpaka amri ya mwisho ya rais itolewe, Jakarta inaendelea na kazi zake za mji mkuu.

Lakini mawaziri wanaweza kuhama. Yule dereva na sakafu yake ya mara tatu haendi Nusantara. Mji wa Tokyo nao ulikuwa ukizama kwa sababu hiyo hiyo, sehemu nyingine zaidi ya mita 4, na ulipodhibiti uvutaji wa maji kuanzia miaka ya 1960, kushuka kukasimama. Kwa hiyo dawa ilijulikana kabla Jakarta haijaugua hivi: fikisha maji ya bomba kwa watu, kisha funga visima. Ukianza na la pili bila la kwanza, unawaonea watu tu.

Na sisi?

Mombasa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, si juu ya tope, kwa hiyo sitamtisha mtu kwamba kisiwa kitazama kama Jakarta. Madhara yetu ni ya namna nyingine, lakini chanzo ni kile kile: mfereji ukikauka, kila mtu huchimba. Kwenye matumbawe, maji matamu hukaa kama tabaka jepesi juu ya maji ya bahari. Ukiyavuta kuliko mvua inavyoyarudisha, maji ya chumvi hupanda kutoka chini na kuchukua nafasi. Kwenye kisima cha nyumba niliyokulia, bibi yangu alikuwa akichota maji ya kunywa. Leo maji yake hata sabuni haitoi povu. Kila ghorofa mpya linalopanda mtaani linakuja na kisima chake kirefu, na hakuna anayeuliza vyote kwa pamoja vinavuta kiasi gani.

Lamu nao wanajua. Maji ya mji hutoka chini ya matuta ya mchanga ya Shela, mchanga ule unaodaka mvua na kuihifadhi. Anayejenga juu ya matuta hayo anajenga juu ya mtungi wa jirani zake.

Wala si kwamba hatujui la kufanya. Misikiti yetu ya kale ilikuwa na birika, na Wareno ndani ya Fort Jesus walijenga birika la kukusanyia maji ya mvua, kwa sababu waliijua thamani yake. Sheria ya nchi tayari inataka kibali kabla ya kuchimba kisima kirefu. Kinachotakiwa ni kaunti zetu ziwe na hesabu ya visima vilivyopo, zipime chumvi yake kila mwaka na kutuonyesha matokeo, na kila jengo kubwa linalopewa ruhusa lidake mvua ya paa lake. Zaidi ya yote, mabomba yatoe maji. Mtu hachimbi mita 40 kwa kupenda.

Kwa atakayekwenda

Nenda kati ya Juni na Septemba, wakati wa kiangazi chao. Januari na Februari ndiyo miezi ya mafuriko. Angalia masharti ya visa mapema. Beba mwavuli hata hivyo, na viatu rahisi kuvua. Siku ya kwanza pumzika, ya pili Istiqlal na Monas, ya tatu soko la nguo la Tanah Abang kwa wanaotaka batiki na saruni, ya nne Kota Tua na Sunda Kelapa. Siku ya tano tafuta dereva wa kaskazini, umwambie Luar Batang kisha Muara Baru. Nenda kwa adabu, kwa sababu ule ni mtaa wa watu na si makumbusho. Usipige picha za ndani ya nyumba zao, na nunua kitu kwenye vibanda vyao.

Nilipoyasimulia haya barazani, mzee aliyekuwa ameniuliza nilifuata nini alinyamaza kidogo, akasema: "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Nikamwambia: mzee wangu, methali hiyo nimeiona kwa macho, na nimesimama juu yake. Upande mmoja bahari, upande mwingine mama ananunua jerikeni la maji.